Mstari mmoja, wiki tatu

Huko nyuma mnanisikia? Haya. Nimeambiwa niwaeleze maisha ya programa kwenye benki kubwa, najua wengi hapa Moshi mkisikia hivyo mnaona tai na kiyoyozi, kiyoyozi kipo kweli.

Mi nilitokea kampuni ya watu watano, unaandika programu asubuhi, mchana iko hewani watu wanaitumia, ikigoma mnarekebisha huku mnakula chipsi. Wiki ya kwanza benki nikapewa bagi ya kitoto, yaani kosa dogo la programu la kurekebisha, mstari mmoja tu wa kodi, kodi ni maandishi ya programu sio ile ya TRA msinikimbie, nikaumaliza kabla ya chai. Ukaingia hewani baada ya wiki tatu. Wiki tatu! Kuna fomu, kuna wa kuupitia, kuna wa kuujaribu, kamati inakaa Jumatano tu, halafu anayeuweka kwenye seva, ile kompyuta inayoendesha programu, sio wewe uliyeuandika, hata paswedi ya seva huna. Nikaona hawa watu wamelala.

Bosi wangu, mama mmoja mtu mzima, akaniita akanisimulia ya Knight Capital. Hao walikuwa wanafanya biashara ya hisa Marekani, wakaweka programu mpya kwenye seva nane, ila moja ikasahaulika, ikabaki na kodi ya zamani ambayo walishaacha kuitumia miaka mingi. Tarehe 1 Agosti 2012 soko limefunguliwa, ile seva moja ikaanza kununua na kuuza ovyo, dakika kama 45 hivi, zaidi ya dola milioni 400 zimeyeyuka, mwaka uliofuata kampuni ikaunganishwa na nyingine. Nikamjibu, shikamoo mama, ila hiyo ni Marekani.

Basi zamu yangu ikafika. Niliandika kipande cha kutoa hela akaunti kwenda kwenye simu, jibu lisiporudi haraka programu inatuma ombi tena. Sasa jibu kutorudi haina maana hela haijaenda! Hela imeshafika, jibu ndio limekwama njiani, kwa hiyo mtu anakatwa mara mbili. Na aisee ile kitu ilipita saini zote, fomu zote, na Jumatano yao, maana mtandao wa majaribio ulikuwa na kasi nzuri haukukwama hata siku moja. Aliyeikamata ni mzee wa hesabu, anayelinganisha vitabu usiku, hajui kuandika hata mstari mmoja wa kodi. Akapiga saa tano usiku, "Kijana, mbona hizi zinajirudia?"

Dawa yake ni ile ile ya kahawa. Mkulima akipeleka kahawa chama cha msingi anapewa stakabadhi yenye namba, akirudi kesho na stakabadhi ile ile halipwi tena. Kila ombi likapewa namba yake, likija mara ya pili linarudishiwa jibu la kwanza, basi. Nilirudisha hela za watu kwa wiki nzima, nikipiga simu naanza na pole.

Kamati ya Jumatano bado inanikera, siwadanganyi. Ila Desemba nawaelewa, wachaga wote tunarudi nyumbani, miamala inapaa, seva haiguswi na mtu mpaka Januari. Na hii simu hapa mezani ikilia natoka nje, msione nimewadharau, wiki hii zamu ya kupigiwa mfumo ukigoma ni yangu. Haya maswali, tuanze na dada wa kitenge pale.