Povu Lililokoma: Mhadhara kwa Walimu wa Kemia

Walimu wenzangu, wengine wenu mmenisikia nikilisema hili hadi mmelichoka, nami sitaomba radhi. Kila mwanafunzi wa kidato cha 2 huimba kwamba tindikali ikikutana na kaboneti hupatikana chumvi, maji na kaboni dioksaidi. Ninachouliza ni wangapi wamewahi kuliona povu likikoma ilhali jiwe bado lipo na tindikali bado ipo.

Mimi nililiona kwa sababu ya uhaba. Tindikali ya hidrokloriki ilikuwa imetuishia stoo, nikatumia sulfuriki iliyozimuliwa pamoja na kipande cha tumbawe, jiwe lilelile lililojengea Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja, ambalo sehemu yake kubwa ni kalsiamu kaboneti. Povu likapanda, likafifia, kisha kimya. Darasa zima likaandika kwamba tindikali imekwisha. Binti mmoja hakuridhika: alilitoa jiwe kwa koleo, akalisuuza, akaukwaruza kwa ncha ya msumari utando mweupe uliolifunika, akalirudisha, na pale palipokwaruzwa, hapo tu, viputo vikaanza upya. Utando ule ni kalsiamu salfeti, chumvi ambayo lita nzima ya maji huyeyusha takriban gramu 2 tu, kwa hiyo huganda juu ya jiwe na kulikinga. Katika hidrokloriki, kalsiamu kloraidi inayopatikana huyeyuka na kwenda zake, na jiwe huendelea kuliwa.

Najua yuko atakayesema kwamba mtihani hauulizi hayo. Hivi swali la kwa nini kaboni dioksaidi hutayarishwa maabarani kwa marumaru, ambayo nayo ni kalsiamu kaboneti, na hidrokloriki, wala si sulfuriki, linauliza nini kingine?

Metali nitazipitia mbiombio, maana mwenyekiti ameshaanza kunionyesha saa. Magnesiamu na zinki hufukuza haidrojeni kutoka katika tindikali zilizozimuliwa, shaba haiwezi, na risasi ikitiwa katika sulfuriki hukwama kwa kosa lilelile la tumbawe, yaani kujivika salfeti isiyoyeyuka. Alumini nayo huchelewa kwa sababu ya utando wake wa oksaidi. Nitriki, ambayo kwa kawaida haitoi haidrojeni hata ikipewa zinki, ilistahili saa nzima, nami sinayo. Ila vipande vya tumbawe ninavyo hapa mfukoni, na anayetaka kimoja aje akichukue kabla ya chai.