Pitieni Nyuma ya Friji

Assalamu alaykum. Nimeombwa nizungumzie namna ya kupima vitu vya umeme vilivyotumika kabla ya kutoa pesa. Naanza na friji, maana Ramadhani ikikaribia ndilo linalotutia wazimu.

Mkifika dukani, Darajani au kwengineko, msikimbilie mlango. Pitieni nyuma, mguse kompresa, lile dude jeusi la duara lililo chini. Ukilikuta la moto, jua friji limewashwa zamani likikungojea wewe. Mwambie muuzaji, kwa adabu, alizime. Nenda kaswali alasiri, kula urojo wako, urudi. Usiliwashe papo hapo, kwani hata friji zima hugoma likinyimwa dakika kumi za kupumua. Likishapumzika ndipo utalisikia: kompresa iliyochoka hunguruma kidogo, hupiga “tak”, hunyamaza, kisha hujaribu tena. Hilo liache.

Likishika vizuri, subiri nusu saa. Mabomba ya nyuma yapate joto, na freeza ianze kuganda. (Kwenye mafriji mengi ya siku hizi mabomba yamefichwa, basi gusa ubavuni.) Kompresa inakwenda lakini mabomba yamepoa na freeza kavu? Pengine gesi imevuja, na kujaza gesi bila ya kuziba tundu ni kutia maji kwenye pakacha. Halafu bana noti mlangoni uivute. Ikichomoka bila ya kukwama, mpira umekwisha.

Jengine ni kibao cha volti. Umeme wetu ni volti 230. Vya Uingereza na Dubai havina tabu, lakini vya Japani ni 100 na vya Marekani 120. Mimi fundi mzima niliwahi kununua sufuria ya umeme ya wali, ya Kijapani. Nikaona plagi ya miguu mitatu, nikaridhika. Kumbe plagi ilikatwa ikabadilishwa, na chini pameandikwa 100. Wali haukuiva, moshi ndio ulioiva.

Laptopu, chomoa chaja mbele yake muuzaji, uone betri inashika au haishiki. Simu, mulika tundu la chaja. Ukiona ukijani, hiyo imekula chumvi ya bahari.

Na mnaovuka nalo friji kwenda Pemba, lisafiri wima. Likilazwa, mafuta hutoka kwenye kompresa, kwa hiyo likifika lisimamisheni saa kadhaa kabla ya kuliwasha.

Haya, yule bwana wa nyuma mwenye redio, ilete hapa tuifungue.