Mkokoteni si Gari

Asalaam aleikum, wazee wangu. Vijana, hamjambo?

Leo nazungumzia namna ya kuandika programu za kompyuta ambapo kila kitu hubeba kanuni zake. Wengi wenu mmevuka kivuko cha Likoni, hapa Mombasa, kuja hapa, kwa hiyo naanza na feri. Anayevuka kwa miguu halipi. Gari hulipiwa, kila aina kwa kiwango chake. Sasa mpe mwanafunzi kazi ya kuandika programu ya kutoza ada hiyo. Ataandika: ikiwa ni gari dogo, toza kadha, ikiwa ni matatu, kadha, ikiwa ni lori, kadha. Inafanya kazi. Nami niliandika hivyo kwa miaka.

Siku inapoongezwa tuktuk ndipo utakapojua. Ile "ikiwa" haiko mahali pamoja: iko kwenye tiketi, iko kwenye risiti, iko kwenye hesabu za jioni. Unarekebisha pawili, pa tatu unapasahau. Kuna mteja wangu mmoja ambaye hesabu zake ziligoma kulingana. Nilikesha usiku mbili, kisa ni mstari mmoja wa namna hiyo.

Basi usiliulize gari wewe ni aina gani. Liambie: nipe ada yako. Obijekti, yaani kipande cha programu kinachosimama badala ya kitu, ndiyo hujibu: ya Lori inabeba kanuni yake ndani, ya Tuktuk yake, na kivuko hakina haja ya kuzijua. Ikija aina mpya, unaandika klasi mpya, yaani kielelezo cha kuundia obijekti za aina hiyo, na zile za zamani huzigusi.

Klasi na urithi, yaani klasi moja kuchukua sifa na ahadi za nyingine, vililetwa na Simula 67, lugha ya programu ya Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard kule Oslo. Waliitaka lugha ya kuigiza mifumo ya kweli ndani ya kompyuta, foleni zikiwemo. Nikisimama Likoni saa kumi na moja jioni huwa nawakumbuka.

Ila urithi ndio unaowaponza wengi, na hapa naomba mnisikilize. Mkokoteni una magurudumu, unasukumwa hadi ndani ya feri. Kijana anasema, basi urithi klasi ya Gari. Lakini Gari limeahidi kutoa namba ya usajili, na mkokoteni hauna. Utarudisha tupu, na ripoti iliyotegemea namba itaanguka usiku wa manane. Barbara Liskov, mwanasayansi wa kompyuta wa Marekani, alilizungumzia hili mwaka 1987: aina inayorithi iweze kukaa mahali pa aina inayorithiwa bila programu kuharibika. Mimi ningepunguza ahadi. Kuwe na mkataba mdogo, Kitozwacho, unaodai ada peke yake. Gari litie sahihi, mkokoteni utie sahihi, namba ibaki kwa gari.

Na mtembea kwa miguu je? Nimeulizwa hapo mlangoni, nimelipenda swali. Kwenye programu ya ada simwandikii klasi, kwa sababu hapiti kwenye dirisha la malipo. Kwenye programu ya kukadiria uzito uliopakiwa ndani ya feri, naanza na yeye.