Kubandika dhahabu ndani ya kikombe cha guinomi, hatua kwa hatua

Karibuni mezani kwangu, hapa Kanazawa, mkoa wa Ishikawa, Japani. Leo tunabandika dhahabu ndani ya kikombe. Nitakwenda polepole, maana kazi hii ukiiharakisha inakuumbua.

Kikombe chenyewe ndicho hiki. Nakisogeza kwenye kamera mkione. Huku wanakiita guinomi, ni cha kunywea sake, pombe yao ya mchele, na ukikitia mkononi kimekizidi kidogo tu kile kikombe cha kahawa chungu cha barazani. Vingi hufinyangwa kwa udongo, ila hiki ni cha mti uitwao keyaki, na kimekerezwa Yamanaka, kusini mwa mkoa huu huu. Ndani nimeshakipaka urushi nyeusi, yaani rangi ya utomvu wa mti, mara tatu, kila mkono ukakauka kabla ya kuupandishia mwingine.

Na dhahabu ni hii. Nafunua karatasi ya juu... mmeona? Nimepumua tu, nayo imeinuka. Unene wake ni kama sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Dhahabu ya ukubwa wa sarafu ya yeni kumi hupondwa hadi ikaenea mkeka mzima wa tatami. Mimi naiita utando, kwa sababu haina tabia ya karatasi wala ya bati: ukiigusa kwa kidole inaganda kidoleni na huipati tena. Karibu dhahabu yote ya namna hii inayotengenezwa Japani hutoka mji huu mmoja. Hekalu la Kinkakuji kule Kyoto, lile lililovikwa dhahabu na kusimama kando ya bwawa, lilipobandikwa upya miaka ya 1980, tando zilitoka hapa.

Sasa tuanze. Kwanza kabisa zima feni, funga dirisha, na kama una kiyoyozi kizime pia. Mimi hufunga hata mlango na kumwambia kila mtu asiingie kwa nusu saa.

Hatua ya kwanza ni msasa. Chukua msasa wa maji namba 1500, uloweshe, usugue ndani ya kikombe kwa mzunguko mwepesi hadi mng'ao wa urushi ufe na kubaki weusi uliofifia. Suuza, kausha kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Kisha fanya hivi: washa tochi, iweke ubavuni, mwanga upite sambamba na ukuta wa kikombe. Pale, mnaona kile kichembe? Ni vumbi tu, lakini chini ya dhahabu kitaonekana kama kipele. Utando hauna unene wa kuficha chochote, kwa hiyo mnachokiona kinang'aa kwenye vikombe vizuri ni usafi wa urushi iliyo chini yake. Narudia kusugua.

Hatua ya pili, urushi yenyewe. Vaa glavu. Hii ni utomvu wa mti, unakingwa kwa kuchanja gome kuanzia Juni hadi vuli, na mti mmoja wa miaka kumi na kitu hutoa gramu 200 hivi tu, kisha hukatwa. Kwa hiyo hata tone usilimwage. Ikiwa mbichi inawasha vibaya sana. Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi mnaobangua korosho mnayajua mafuta ya ganda yanavyoila ngozi. Mkorosho, mwembe na mti huu wa urushi ni ukoo mmoja. Ikikugusa, jipake mafuta ya kupikia kwanza, ifute, ndipo unawe kwa sabuni. Ikishakauka kabisa haina neno, watu hulia chakula ndani yake.

Chovya ncha ya brashi, upake ndani yote, nyembamba. Halafu, na hapa ndipo pagumu, chukua karatasi laini ukaifute. Ndiyo, uifute ile uliyoipaka! Bonyeza, zungusha, badilisha karatasi, futa tena, hadi ukidhani umeimaliza yote. Iliyobaki inatosha.

Nisikilizeni hapo. Kikombe changu cha kwanza sikukifuta vya kutosha. Nilibandika dhahabu ikameremeta, nikalala kwa furaha. Asubuhi nilikuta imezama: urushi imepanda kupitia utando na rangi imekuwa kama shaba kuukuu. Mwalimu wangu, mzee wa miaka mingi kwenye kazi hii, alikigeuza mara mbili, akapeleka pua yake karibu nacho, akanirudishia bila kusema kitu. Niliondoa yote kwa msasa, nikaanza upya. Tangu hapo najaribu kwa kifundo cha kidole kilichovaa glavu: gusa, inua. Ikikuvuta kidogo na isiache alama, wakati umefika.

Hatua ya tatu ni kukata. Utando unakuja wa mraba, sentimita 10.9 kila upande. Mraba haukai ndani ya bakuli, kama vile huwezi kukibandika kifuu cha nazi kwa karatasi moja bila mikunjo. Basi laza utando juu ya ubao wa ngozi, ukijikunja puliza katikati, pumzi fupi kama ya kuzima kibatari, utanyooka wenyewe. Kata kwa kisu cha mwanzi vipande vyembamba, vya sentimita moja na nusu, na kimoja cha mraba kwa ajili ya kitako. Kwa nini mwanzi na si chuma? Chuma kinanasa dhahabu. Mwanzi unaiachia.

Hatua ya nne. Shika kipande kwa kibano cha mwanzi, kishushe kutoka ukingoni kuelekea chini. Kikishagusa hakirudi, kwa hiyo lenga kabla hujashuka. Kinachofuata kilalie cha kwanza kwa milimita mbili tatu, na kingine, hadi mzunguko ukutane. Mwisho weka ule mraba kitakoni. Pumua kwa pembeni.

Sasa pamba. Finyanga kidonge laini, ugonge-gonge, usisugue. Sikilizeni... hakuna sauti kabisa, na ndivyo inavyotakiwa. Palipobaki weusi, weka kipande kidogo na ugonge tena, urushi bado inashika.

Kukausha kunawashangaza wengi. Urushi haitaki jua, inataka unyevunyevu. Kiweke kikombe ndani ya sanduku la mbao lenye vitambaa vilivyoloweshwa, unyevu wa hewa asilimia 70 hadi 80, joto nyuzi 20 hadi 25, siku mbili. Kisha pitisha brashi laini, mabaki ya dhahabu yote yakusanye kwenye kichupa. Hayatupwi.

Kwa kuwa kikombe kitatumika, napaka juu urushi angavu, nyembamba, naifuta na kuirudisha sandukuni. Mwanzoni inaitia dhahabu rangi ya asali. Msiogope, miaka ikipita urushi huzidi kuwa angavu na dhahabu hurudi kung'aa.

Neno kwa walio Dar, Nairobi au popote ambako urushi haipatikani: tafadhali msitumie gundi ya dukani ndani ya kikombe. Bandikeni nje, chini ya pale mdomo unapofika. Tena kagueni mnachonunua, kwani tando nyingi za bei rahisi ni mchanganyiko wa shaba na zinki, na hizo hupauka na hazifai kugusana na kinywaji.

Hiki changu kitakaa kabatini mwezi mzima kabla sijakitia chochote. Baadaye kitaoshwa kwa mkono na sifongo laini, na kamwe hakiingii maikrowevu. Huyu hapa mwenzake nilimmaliza mwaka jana. Namimina chai kidogo tu... tazameni kule kitakoni, jinsi mwanga unavyotoka chini ya chai.