Deni la Hospitali na Dawa ya Mwezi Huu

BARAKA: Karibu tena, msikilizaji. Mimi ni Baraka, niko na dada yangu Rehema. Leo ni deni la matibabu kwa mtu mwenye ugonjwa wa kudumu: kisukari, presha, figo, selimundu. Dada, wewe husema deni hili halifanani na mengine.

REHEMA: Halifanani, kaka. Aliyevunjika mguu anadaiwa, anapona, anaanza kulipa. Mwenye ugonjwa wa kudumu analipa la jana huku la leo linaandikwa. Chukua anayesafishwa damu kwa sababu ya figo: kwa kawaida ni mara 3 kwa wiki, takribani saa 4 kila mara. Ugonjwa unakula pesa, unakula na muda wa kuitafuta.

BARAKA: Na wanaobanwa hivi ni wengi. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani na Benki ya Dunia ya mwaka 2023 ilikadiria watu bilioni 2 hivi wako taabani kifedha kwa gharama za matibabu wanazotoa mfukoni.

REHEMA: Kila anayedaiwa aisikie namba hiyo, maana aibu inaua. Mtu anaogopa kukutana na karani wa dirisha la malipo, basi anaacha kwenda kliniki. Mwingine anakata kidonge nusu ili dawa imfikishe mwisho wa mwezi. Mwenye presha mara nyingi hasikii maumivu yoyote, anajiona salama, kumbe mishipa inaumia mpaka siku anapata kiharusi. Anayetegemea insulini akiipunguza, anaweza kuzidiwa ndani ya siku chache tu. Aliokoa bei ya dawa, sasa ana ankara ya kulazwa.

BARAKA: Kwa hiyo nina pesa kidogo, kuna deni la zamani na kuna dawa ya mwezi huu...

REHEMA: Dawa kwanza. Deni unaweza kuzungumza nalo, sukari haisikilizi.

BARAKA: Lakini wanaodai wanapiga simu kila siku.

REHEMA: Pokea. Ukijificha wanaona umekataa kulipa. Omba ankara yenye mchanganuo, usome mstari kwa mstari: kipimo kilichoandikwa mara mbili, dawa ambayo hukupewa. Kisha uliza kama kuna msamaha, kama kuna afisa wa ustawi wa jamii, kama unaweza kulipa kwa awamu. Na ukitaja kiasi, taja unachokiweza hata mwezi ukiwa mbaya. Usitaje cha kumridhisha mhasibu. Mkikubaliana, iwe kwa maandishi.

BARAKA: Wengine wanakopa ili wamalizane na hospitali.

REHEMA: Hapo naumia sana. Uliza kwanza: deni hili la hospitali lina riba? Kama halina, kulihamishia kwenye mkopo wa haraka ni kununua deni kubwa zaidi.

BARAKA: Na daktari aambiwe habari za pesa? Watu wanaona haya.

REHEMA: Aambiwe, tena kabla hajaandika dawa. "Daktari, hii siimudu kila mwezi." Basi. Mara nyingi ipo yenye kiambato kilekile kutoka kiwanda kingine, kwa bei nafuu. Metformini ya kisukari na amlodipini ya presha ni dawa za miaka mingi, viwanda vingi vinazitengeneza, na zote zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Muulize pia kipimo kipi kinaweza kusubiri. Asipojua hali yako, ataandika kana kwamba unamudu.

BARAKA: Na ndugu anayeuguza?

REHEMA: Awe makini na karatasi za mapokezi. Kusaini ruhusa ya matibabu na kusaini dhamana ya malipo ni mambo mawili, na mara nyingine yanaletwa pamoja wakati mgonjwa yuko kwenye machela na mkono unatetemeka. Aombe asomewe kabla hajashika kalamu.