Nyota mbele ya kopo zinahesabiwaje?

REHEMA: Karibuni tena. Leo tuko Australia na New Zealand, kwenye zile nyota za afya mbele ya pakiti. Zilianza 2014, kuanzia nusu nyota hadi tano. Kaka Hamisi, nani anazibandika?

HAMISI: Mtengenezaji mwenyewe, akipenda. Kikokotoo kipo, anaingiza takwimu za gramu 100 za bidhaa, au mililita 100 kama ni kinywaji. Nishati, mafuta yanayoganda, sukari na sodiamu zinaipa alama za kushusha nyota. Nyuzinyuzi, protini, matunda, mboga, njugu na kunde zinaipa alama za kupandisha.

REHEMA: Basi nikijaza sukari, naifunika na protini!

HAMISI: Kidogo tu. Alama za kushusha zikifika 13, protini haihesabiwi tena, labda bidhaa iwe imejaa matunda au mboga. Ila mwanya mkubwa haukuwa hapo. Unaikumbuka Milo, ule unga wa kinywaji cha chokoleti?

REHEMA: Nani asiyeijua Milo?

HAMISI: Kopo lake kule lilikuwa na nyota 4.5. Kanuni iliruhusu kuhesabu kinywaji kikishaandaliwa, na hesabu yao ilikuwa vijiko vitatu vya chai ndani ya maziwa yaliyotolewa mafuta. Unga wenyewe ulistahili 1.5.

REHEMA: Kumbe nyota zilikuwa za ng'ombe!

HAMISI: Hasa! Na mtoto anayeulamba mkavu, au anayewekewa maziwa yenye krimu yake, hakuwemo kwenye hesabu. Nestlé, watengenezaji wa Milo, waliziondoa nyota hizo 2018. Kanuni nayo ikabanwa: sasa unahesabu kitu kama kinavyouzwa, isipokuwa kile kinachohitaji maji, au kinachochujwa maji yake, kama maharage ya kopo.

REHEMA: Na pakiti isiyo na nyota kabisa?

HAMISI: Hapo ndipo hiari inapouma. Mwenye nyota nne anazitangaza, mwenye moja na nusu ananyamaza. Serikali zililenga asilimia 50 ya bidhaa zinazostahili kubeba nyota ifikapo Novemba 2023, lakini hata 40 hazikufika. Kwa hiyo kukosa nyota kusikufanye ukimbie, geuza pakiti usome nyuma.

REHEMA: Nisome nini? Yale maandishi ni kama chawa.

HAMISI: Safu ya gramu 100 peke yake. Ile ya "kwa mlo" achana nayo, kila kampuni inajipimia mlo wake. Kisha linganisha mtindi na mtindi, mkate na mkate. Mtindi wa nyota tatu na biskuti za nyota tatu havishindani.

REHEMA: Chumvi je? Mimi naona sodiamu tu.

HAMISI: Zidisha mara 2.5. Mkate wenye miligramu 400 za sodiamu una gramu moja ya chumvi kwa kila gramu 100. Ukiona wa pembeni yake una 300, nyota ziwepo zisiwepo, beba huo.