Mashine Ya Kilo 8, Nguo Ngapi? Njoo Uani Nikuonyeshe

Haya wapendwa karibuni tena uani kwangu hapa Tabata, leo tunafua, na leo nataka tumalizane na lile swali naloulizwa kila nikimpelekea mteja nguo zake, eti dada mashine yangu imeandikwa kilo 8, sasa kilo 8 ni nguo ngapi? Mimi nafulia watu nguo mwaka wa sita huu, na kazi hii naipenda kweli, harufu tu ya nguo safi asubuhi inanitosha, kwa hiyo sikilizeni vizuri. Usihesabu nguo. Angalia zinageuka au hazigeuki. Nguo isipogeuka haijafuliwa, imelowekwa tu.

Tuanze na hii karatasi iliyobandikwa kwenye mashine, Zai sogeza simu huku, mnaona 8 hapo? Hiyo kilo 8 ni ya nguo kavu, za pamba, kabla hujazilowesha, na ndiyo mwisho wake kabisa, siyo lazima uifikie kila ukifua. Mimi kwenye hii ya 8 naweka 5, nikizidisha sana 6. Na angalieni pembeni, upande wa kukamulia wameandika 5. Umeona hapo? Hizi za matangi mawili karibu zote ziko hivyo, tangi la kukamulia linabeba kidogo kuliko la kufulia, sasa mtu anafua zote kwa pamoja halafu anazishindilia kule zote kwa pamoja. Nitarudi hapo, hapo ndipo penye kazi.

Kupima. Hii ni mizani ya ndoano, ile ile watu wanayopimia mabegi ya safari, ninazo za kuuza kwa anayehitaji, niandikie tu hapo chini. Unatia nguo kwenye mfuko unaning'iniza. Jinzi ya mume wangu hii, gramu 720. Tisheti, 170. Taulo kubwa la kuogea 610. Doti ya khanga 390. Shuka la tano kwa sita bila foronya zake, 640. Sasa piga hesabu na mimi, jinzi nne na taulo tatu ni nguo saba tu lakini unakaribia kilo 5, wakati tisheti saba hazifiki hata kilo moja na robo! Ndiyo maana kuhesabu nguo kunadanganya. Huna mizani hii lakini unayo ile ya kupimia uzito wa mwili, panda wewe mwenyewe kwanza, kisha panda na beseni la nguo, toa uzito wako, toa na wa beseni. Ukifanya hivyo mara tatu nne jicho linazoea, mimi siku hizi nikiliona rundo sakafuni najua hizi ni mzigo mmoja hizi ni miwili.

Haya maji mpaka kwenye mstari, sabuni, washa, nguo moja moja usimwage beseni zima. Hapo hakuna la kueleza.

Sasa chagua nguo moja yenye rangi inayoonekana, mimi nachagua hili shati la njano, ulifuate kwa macho. Linatakiwa lizame, lipotee, liibuke upande mwingine. Likifanya hivyo mzigo wako uko sawa. Likikaa juu linazunguka tu kama limepanda daladala, umejaza. Na zikiwa chache mno nazo zinaelea tu hazisuguani, unateketeza maji na umeme wa luku kwa tisheti mbili, bora usubiri zijae ki...

Hebu subiri. Zai njoo karibu, njoo. Mnaliona shati? Muda wote naongea liko pale pale, halijazama hata mara moja. Sawa, hii tusiikate, muione. Nazima kwanza. Natoa taulo hili, natoa na jinzi moja, hizi zitaingia mzunguko wa pili. Washa. Hilo linaenda... limezama... hilo hapo limetokea huku! Ni nguo mbili tu nimetoa. Ukiona baibui jeusi limekauka na michirizi myeupe usikimbilie kubadilisha sabuni, angalia kwanza ulijaza kiasi gani, maana nguo zikibanana maji hayapiti na sabuni inabaki humo humo.

Wenye mashine ya mlango wa mbele sijawasahau, yenu ni rahisi zaidi. Ile inafua kwa kuzinyanyua nguo na kuziangusha, kwa hiyo lazima pawe na nafasi ya kuangukia. Ukishatia nguo ingiza mkono juu yake, kiganja kimesimama hivi, kidole gumba juu. Ukiingia bila kusukuma ni sawa. Usipoingia toa. Na ile kilo 7 yenu ni ya programu ya pamba tu, ukiweka ya nguo laini laini za nailoni au ile ya haraka haraka kiasi kinashuka, mara nyingi ni nusu au chini ya hapo, kipo kwenye kitabu chake, msikitupe na boksi. Halafu kitu kizito kimoja peke yake, mfano zulia dogo la bafuni, nalo ni tatizo, linalala upande mmoja, mashine inajaribu kukamua inashindwa inasimama. Liongezee taulo mbili lipate wa kusaidiana naye.

Sasa kukamua, hapa naomba uache unachofanya. Usiweke kitu cha mpira au cha plastiki kwenye tangi la kukamulia. Narudia, shuka la mpira la kitanda cha mtoto, koti la mvua, usiweke! Mimi niliweka shuka la mpira la mteja, peke yake, maji yakanasa ndani kama kwenye mfuko, mashine iliposhika kasi ikaruka, ikang'oa bomba la kutolea maji, na tangi likapasuka ubavuni. Wiki mbili nilifua kwa mkono nguo za watu na shuka la mtu nililipa. La mpira unalitundika linachuruzika lenyewe.

Nguo za kawaida zipange kuzunguka, siyo kutumbukiza, jinzi huku basi jinzi nyingine upande wa pili kuikabili, taulo hivyo hivyo, gandamiza kwa kiganja zilale, zisipite ukingo. Kisha hiki kifuniko kidogo cha ndani, watu wanakiacha kimetupwa juu ya dirisha, kiweke, kinazuia nguo isitoke ikajisokota chini ya tangi. Funga. Ikigonga gogogo ndani ya sekunde chache za mwanzo zima hapo hapo, usisubiri kwamba itatulia, zima, subiri isimame kabisa ndiyo uingize mkono, panga upya. Na la mpira usiweke, nimesema.

Sikilizeni inavyolia hii. Mlio mmoja tu, haitetemeki, hata kikombe nilichoweka juu hakijasogea. Imekaa sawa. Dakika tatu zinatosha kwa khanga na tisheti, jinzi nazipa tano.

Zai zima simu uniletee vibanio, jua la huku ukutani linahama saa nane na bado nina mzunguko wa pili.